Somo Kuu la Mtoto Hutangazwa Lini? Maelezo kwa Wazazi wa Hockley na Jirani



Hivi karibuni tulisimamishwa na mzazi mmoja nje ya duka la nyama, huko Soho Hill, naye akatueleza jambo ambalo tumelisikia mara nyingi katika mtaa huu wetu wa Hockley. Dada yake anayeishi Columbus, Marekani, alimpigia simu akamwambia asijisumbue na mtoto. Amwache aingie chuo kikuu kwanza, ayaonje masomo, na utakapokaribia mwisho wa mwaka wa pili ndipo atakapojaza fomu ya kutangaza somo lake kuu. "Sasa Mwalimu," akatuuliza, "mbona huku skuli wanataka nijue leo, na mtoto mwenyewe hata miaka kumi na sita hajatimiza?"

Dada wa Columbus hakusema uongo, wala mzazi huyu hakukosea kushangaa. Kila mmoja ameeleza aliyoyaona kwao. Tatizo ni kwamba tunaposema chuo kikuu tunadhani ni kitu kimoja duniani kote, kumbe mlango wa kuingilia hautazami upande mmoja. Tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa msimu wa maombi ndio huu, na kwa sababu nyingine ambayo tutaikiri hapo mbele, maana inatuhusu wenyewe.

Tuanze na Marekani, wala hatutakawia huko. Mwanafunzi wa vyuo vingi vya nchi hiyo anaruhusiwa kuingia pasipo kusema atasomea nini. Katika muhula wa kwanza huchanganya: hisabati kidogo, historia, uandishi, sayansi moja au mbili. Chuo humpa mshauri wa masomo, na aghalabu kabla ya kumaliza mwaka wa pili hutakiwa ajaze fomu, itiwe saini na mshauri na idara anayoihitaji, kisha ipelekwe kwa msajili. Hapo amekwisha kutangaza somo kuu. Akitaka na somo dogo, hutangaza vilevile, na hilo huwa na kozi tano au sita hivi badala ya kumi au zaidi. Akibadili nia, hujaza fomu nyingine. Zipo idara zenye masharti magumu, kama uhandisi na uuguzi, ambazo humtaka mtu aombe tangu mwanzo, lakini desturi kubwa ni hiyo tuliyoieleza.

England haina siku hiyo. Hapa mtoto haingii chuo kikuu kisha akachagua somo. Huingia katika somo, na chuo humpokea kwa ajili ya somo hilo. Fomu ya maombi yenyewe ndiyo tangazo. Hupelekwa kupitia ofisi moja, UCAS, ambayo iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuziunganisha ofisi mbili zilizotangulia, moja ya vyuo vikuu na nyingine ya zile zilizokuwa zikiitwa politekniki. Mwombaji ana nafasi tano za kujaza. Kila nafasi ina chuo chake na kozi yake, na kila kozi ina namba yake ya herufi na tarakimu. Chuo kimoja hakioni mtoto ameomba wapi kwingine. Wanaoomba udaktari wa binadamu, meno au mifugo, na wanaoomba Oxford au Cambridge, hufungiwa mlango tarehe 15 Oktoba; wengine wengi hupewa hadi mwezi wa Januari. Anayeomba udaktari haruhusiwi kutumia zaidi ya nafasi nne kwa udaktari, ya tano aiweke kwa somo jingine. Na tangu maombi ya wanaoingia vyuoni mwaka 2026, ile barua ndefu ya mtoto kujieleza imegawanywa katika maswali matatu, na swali la kwanza linauliza kwa nini anataka kusoma kozi hii. Hawamuulizi kwa nini anataka kwenda chuo kikuu. Wanauliza kozi.

Lakini hata fomu hiyo ya UCAS si mwanzo wa jambo. Mwanzo uko nyuma miaka miwili, mtoto anapomaliza mitihani ya GCSE na kuchagua masomo ya A-level, ambayo kwa kawaida ni matatu tu. Na kwa kweli uko nyuma zaidi, katika mwaka wa tisa wa skuli, mtoto akiwa na miaka kumi na tatu au kumi na nne, anaporudi nyumbani na karatasi ya kuchagua masomo ya GCSE, nayo mara nyingi hutiwa saini jikoni huku maji ya chai yanachemka. Sisi tunaona hapo ndipo tangazo la kwanza linapofanyika, kimya kimya, na mzazi asijue kwamba ametangaza.

Wale tuliosomea nyumbani tungepaswa kulielewa hili kuliko wote. Tanzania kuna neno zuri kwa jambo hili, tahasusi, na kila aliyefika kidato cha tano anaijua yake hadi kaburini. Aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, alijua kwamba njia ya udaktari iko wazi. Aliyesoma PCM alikuwa na hisabati badala ya baiolojia, akatazama uhandisi. Aliyepangiwa HGL, historia, jiografia na Kiingereza, hata angeota kila usiku amevaa koti jeupe, asubuhi angeamka akaende zake kwenye sheria au ualimu. Wenzetu wa Kenya walikuwa na utaratibu huo wa kidato cha tano na cha sita hadi ulipokuja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Na sasa mfumo mpya unawataka watoto wao wanaoingia sekondari ya juu, kuanzia Januari 2026, wachague njia moja kati ya tatu: sayansi na uhandisi, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Sisi tulipofika Mlimani, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu alikuwa na uhuru kidogo wa kuhamahama baina ya masomo ya sanaa. Elimu ya maendeleo ililazimu kwa wote, apende asipende. Lakini hakuna aliyehama kutoka HGL akatokea kwenye udaktari.

Basi tulikuwa tunajua. Na bado tulikosea, kama tutakavyoeleza.

Mwaka 2011 alitujia mama mmoja wa hapa mtaani, mjane, aliyekuwa akisafisha maofisi ya katikati ya mji kuanzia saa kumi na moja za alfajiri. Alikuwa na mtoto wa kiume mwenye akili nyepesi na ulimi mpole. Kijana alikuwa amefaulu GCSE vizuri na alitakiwa achague masomo matatu. Alikuwa na baiolojia na hisabati. La tatu alikuwa anasita baina ya kemia, ambayo mwalimu wake wa skuli hakuelewana naye, na saikolojia, ambayo rafiki zake wote walikuwa wameichukua. Mama akatuwekea karatasi mezani. "Mwalimu, mimi sikusoma, wewe umesoma. Kemia aiache au asiiache?"

Tulimwambia aiache. Tulisema, na maneno haya tunayakumbuka yalivyo, kwamba kijana bado mdogo, asibebeshwe asilolipenda, na akifika chuoni atachagua.

Tulidanganywa na nini? Tumelifikiri sana. Tunaona tulidanganywa na ule uhuru wa kuchanganya. Kwetu tahasusi hupangwa na wizara, na mchanganyiko usiokuwamo katika orodha haupo. Hapa mtoto anaweza kuchukua kemia na muziki na dini pamoja, wala hapana wa kumzuia. Tukaona mahali ambapo hakuna ukuta, tukadhani hakuna na mlango. Na isitoshe, nasi tulikuwa na ndugu wa Marekani aliyekuwa akituhadithia.

Baada ya mwaka na nusu kijana akaamka na nia ya ufamasia. Alikuwa akifanya kazi Jumamosi katika duka la dawa, akaipenda kazi, akapendwa na mfamasia wa pale. Akafungua kurasa za vyuo kimoja baada ya kimoja. Vyote vilitaka kemia. Vyote. Aston, ambacho kiko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Hockley na kinafundisha ufamasia, nacho kilitaka kemia. Hapakuwa na fomu ya kubadili, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kubadilia. Ilimbidi mwaka 2013 aingie mwaka wa maandalizi katika chuo cha mji mwingine, akasome kemia upya, na ada ya mwaka huo ilikuwa pauni 9,000.

Mama hakutaka mkopo wa riba. Mjomba wa Muscat alikuwa ameahidi kulipa miaka minne, kwa kuwa shahada ya ufamasia ni ya miaka minne, naye alitimiza ahadi yake. Mwaka wa tano haukuwamo katika hesabu ya mtu yeyote. Ulilipwa kwa upatu wa wanawake wa mtaani, ambao walimpisha achukue zamu ya kwanza, na kwa bangili zake za harusi. Hockley ni mtaa wa masonara, kama wasomaji wajuavyo. Kutoka nyumbani kwake hadi Vyse Street ni dakika kumi. Alikwenda peke yake, wakamtilia bangili katika mizani, akarudi na bahasha. Hakutuambia. Tulikuja kuambiwa na binti yake miaka miwili baadaye, na siku tuliyokwenda kumtaka radhi alitukaribisha chai akazungumza habari za mvua.

Tumeyasema haya kwa sababu tusingependa mzazi mwingine apewe jibu kama letu. Basi na tuseme yale ambayo tulipaswa kuyasema siku ile.

Udaktari na ufamasia kwa kawaida huhitaji kemia, na udaktari aghalabu na baiolojia juu yake. Uhandisi huhitaji hisabati, na mara nyingi fizikia. Uchumi katika vyuo vinavyogombewa huhitaji hisabati, jambo ambalo wengi hawalijui kwa kuwa wanadhani uchumi ni jamaa wa biashara. Sheria, kinyume na dhana ya wazee wetu, haihitaji somo maalumu hata moja. Mtoto mwenye historia, Kiarabu na kemia hupokewa sheria vilevile. Kila chuo huandika masharti yake wazi, na kazi ya mzazi ni kumwambia mtoto ayafungue masharti hayo wakati akiwa na miaka kumi na tano, si kumi na saba. Kama hajui anataka nini, na watoto wengi hawajui, wala si aibu, basi hisabati na sayansi moja ngumu humwachia milango mingi zaidi kuliko masomo matatu yanayofanana. Hayo ni maoni yetu, lakini baada ya yaliyotupata tunayashika kwa nguvu.

Tuje sasa kwenye somo kuu na somo dogo, maana hata hapa England yapo, ila yamejificha katika jina la kozi. Msomaji akichukua orodha ya kozi ataona nyingine zina neno "and" katikati, na nyingine zina neno "with". Watu hupita hapo kama kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Historia "and" Kiarabu ni masomo mawili yenye uzito unaokaribiana, nusu kwa nusu. Historia "with" Kiarabu ni historia iliyo kubwa na Kiarabu kilicho kidogo, pengine robo, pengine theluthi ya masomo yote. Shahada ya heshima ya England ina jumla ya vipimo 360, yaani 120 kila mwaka, navyo huitwa krediti. Basi katika kozi ya "and" mtoto hupata kama krediti 60 huku na 60 huku kwa mwaka. Katika kozi ya "with" anaweza kuwa na 90 za somo kuu na 30 tu za somo dogo. Neno hilo hubaki katika cheti maisha yake yote, sawasawa na ile alama ya nanga ambayo ofisi ya kupima madini ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1773, huigonga katika dhahabu na fedha. Wenye kuangalia dhahabu hutazama alama kwanza.

(Na hapa tahadhari kwa wenye jamaa Marekani: huko shahada nzima kwa kawaida ni krediti 120, na hapa mwaka mmoja ni 120. Tumewahi kushuhudia ugomvi wa binamu wawili harusini, kila mmoja akidhani mwenzake amesoma robo ya elimu au amejisifu mara tatu.)

Kozi hizi za masomo mawili zina historia yake katika pande zetu hizi. Chuo cha Keele, kule Staffordshire, kiliwapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1950, na muasisi wake, Lord Lindsay, alichukizwa na elimu ya kumfungia kijana katika somo moja. Akaweka shahada ya miaka minne. Mwaka wa kwanza wote walisoma mambo mapana ya sayansi, sanaa na elimu ya jamii, kisha kila mtu akachagua masomo makuu mawili, na madogo juu yake. Ilikuwa ajabu kubwa kwa England ya wakati ule. Ule mwaka mpana wa lazima ulikuja kuondolewa, lakini desturi ya masomo mawili ilibaki na vyuo vingine viliiga. Uskochi nako shahada ya heshima ni miaka minne, na katika miaka miwili ya mwanzo mwanafunzi huweza kusoma masomo mawili au matatu kabla ya kulishika moja. Kwa hiyo anayetaka ladha ya Marekani bila ya kupanda ndege, aitazame Edinburgh, Glasgow au Aberdeen. Ila akumbuke kwamba mkaazi wa England hulipa ada Uskochi, tena kwa miaka minne badala ya mitatu.

Hapa mjini, Chuo Kikuu cha Birmingham, kilichopata hati ya kifalme mwaka 1900, kina kozi za namna zote mbili, na kimo pia katika vyuo vyenye shahada pana ya kuchanganya sanaa na sayansi. Chuo hicho kilianzisha kituo cha elimu ya Afrika mwaka 1963, ya Afrika Magharibi lakini, si ya kwetu. Tulipofika hapa tuliuliza habari za Kiswahili tukatabasamiwa. Na wenye watoto wenye mikono ya kazi wasipite Vittoria Street bila ya kuinua macho. Skuli ya usonara iliyofunguliwa hapo mwaka 1890 leo ni sehemu ya Birmingham City University, na watu wamevuka bahari kuja kusoma mahali ambapo watoto wetu hupapita wakienda kununua viazi vya kukaanga.

Sasa mtu atauliza: je, mtoto akiingia kozi kisha akaona siyo? Hutokea, na hutokea kwa watoto wazuri. Kubadili kunawezekana, lakini ni ombi, si haki. Utaratibu, kwa vyuo vingi, ni huu. Mwanafunzi humwendea kwanza mlezi wake wa masomo, mwalimu ambaye kila mmoja hupangiwa. Kisha huiendea idara anayoitaka, nayo hutazama matokeo yake ya A-level kama yangemwingiza tangu mwanzo. Ikikubali, fomu ya kubadili kozi hutiwa saini na pande zote mbili, hupelekwa kwa msajili, na chuo huiarifu Student Loans Company. Wiki mbili au tatu za mwanzo wa mwaka wa kwanza ndizo nyepesi. Zikipita, aghalabu huambiwa angoje mwaka mpya uanze. Mwenye kozi ya masomo mawili ana nafuu: kuacha moja na kubaki na jingine mwishoni mwa mwaka wa kwanza ni jambo la kawaida, kwa sababu tayari idara inamjua. Mwenye viza ya mwanafunzi asiguse fomu yoyote kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa nje, maana kozi ikibadilika huenda viza nayo ikalazimu kuombwa upya.

Hatari kubwa iko katika pesa, na hapa tunaomba wasomaji wasome polepole. Kwa utaratibu ambao wengi wa watoto wetu wamo, serikali hutoa msaada wa ada kwa idadi ya miaka ya kozi, ikaongeza mmoja, kisha ikatoa miaka ambayo mtu amekwisha kuisoma. Mtoto aliyesoma mwaka mmoja akahamia kozi mpya ya miaka mitatu: mitatu, ongeza mmoja, toa mmoja, inabaki mitatu. Amesalimika. Aliyesoma miwili kabla ya kuhama: mitatu, ongeza mmoja, toa miwili, inabaki miwili. Mwaka mmoja ataulipa mwenyewe, na ni ule wa mwanzo wa kozi mpya, wakati hana kitu mfukoni. Ada ya juu England, ambayo ilianza kwa pauni 1,000 mwaka 1998, ikawa 3,000 mwaka 2006 na 9,000 mwaka 2012, ilifika 9,535 kwa mwaka wa masomo wa 2025. Na kipande cha mwaka huhesabiwa mwaka mzima: aliyeingia Septemba akaondoka Novemba amekwisha kuutumia mwaka wake wa akiba. Ugonjwa au msiba mkubwa wenye ushahidi huweza kumpatia mtu mwaka mwingine, lakini ni lazima aombe na apeleke karatasi. Kozi zitakazoanza kuanzia Januari 2027 zitaingia katika utaratibu mpya uliotangazwa, unaompa mtu thamani ya miaka minne ya masomo kwa maisha yake. Misingi ya hesabu itabadilika, uchungu wa mwaka uliopotea hautabadilika.

Kuhusu riba hatutatoa hukumu, hiyo ni kazi ya wanazuoni, na kauli zao msikitini zinajulikana kwamba zimetofautiana. Tutasema yaliyotokea. Serikali iliwauliza wananchi mwaka 2014 juu ya mkopo wa namna ya takaful usio na riba. Waislamu walijibu kwa maelfu. Sheria ya mwaka 2017 ikaipa serikali uwezo wa kuuanzisha. Hadi tunapoandika, familia zetu bado zinaungoja. Watoto waliokuwa na miaka sita serikali ilipouliza wamekwisha kufika umri wa kuingia chuoni. Kwa familia zisizotaka mkopo uliopo, mwaka wa ziada si deni la kulipwa kidogo kidogo kutoka katika mshahara. Ni bangili, ni upatu, ni simu ya usiku kwenda Muscat. Ndiyo maana kwetu sisi kosa la karatasi ya mwaka wa tisa ni zito kuliko kwa jirani zetu. Ipo njia ambayo tunashangaa haizungumzwi zaidi katika mabaraza yetu: shahada za uanagenzi, zilizoanza mwaka 2015, ambapo kijana huajiriwa, hulipwa mshahara, na ada hulipwa na mwajiri pamoja na serikali. Nafasi ni chache na hugombewa kama kazi, lakini riba haimo.

Hatukugusa swali la nani anahesabiwa mkaazi na nani mgeni katika ada, hasa familia zilizokuja kutoka Uholanzi na Denmark na zile zilizounganishwa karibuni. Hilo linataka makala yake.

Kijana wetu alimaliza. Mwaka 2018 alipata shahada, mwaka 2019 akasajiliwa mfamasia, na leo anafanya kazi kaskazini mwa mji. Kitu cha kwanza alichomnunulia mama yake hatukiandiki, ingawa wanaomjua wamekiona mkononi mwake.

Mdogo wake wa mwisho ana miaka kumi na saba na amefungua fomu ya UCAS. Juma lililopita mama alituita tena, safari hii mezani palikuwa na kompyuta badala ya karatasi. Binti anataka historia, na anataka Kiarabu, na hajui kama aandike "and" au "with". Tulimwambia hatutamjibu. Tukamwomba afungue ukurasa wa kila chuo kati ya vile vitano, atusomee kwa sauti ni masomo mangapi ya Kiarabu yamo katika mwaka wa pili na ni mangapi katika wa tatu, na nani anapelekwa mwaka mzima nchi za Kiarabu na nani hapelekwi. Alisoma, mama akisikiliza huku ameshika tama. Vyuo viwili vya "with" havikuwa na mwaka wa nje. Kimoja cha "and" kilikuwa nao, lakini kozi yake ni ya miaka minne.

"Minne," akasema mama, akatutazama.

Binti hakuandika kitu usiku ule. Ana hadi Januari.